Kikao cha Mwanza, 1996: Somo la Amani kwa Mtumishi wa Afya

Mwishoni mwa Aprili 1996 wajumbe wa vyama viwili vikuu vya siasa vya Burundi, UPRONA na FRODEBU, walikutana mjini Mwanza mbele ya Mwalimu Julius Nyerere. Nchi yao ilikuwa katika mwaka wa tatu wa umwagaji damu, tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa na wanajeshi Oktoba 21, 1993, miezi mitatu na ushei baada ya kuapishwa. Wajumbe hawakuafikiana. Wakarejea Mwanza mwanzoni mwa Juni, na safari hiyo nayo wakaondoka bila mkataba. Kati ya vikao hivyo viwili, asubuhi ya Mei 21, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia bandari ya Mwanza, mamia ya abiria wakapoteza maisha. Ndiyo maana wenyeji wakiulizwa habari za mwaka ule hutaja meli, nao wana haki. Makaburi ya Igoma yapo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika majuma yaleyale mji wao ulikuwa umelaza, kwa namna ya kusema, taifa jirani lililo mahututi.

Makala hii inahusu taaluma ambayo vikao vile ni sehemu ya mafunzo yake: utatuzi wa migogoro ya kimataifa na ujenzi wa amani, kama unavyofundishwa katika ngazi ya uzamili. Wapo matabibu, wauguzi na maofisa wa afya ya jamii katika Kanda ya Ziwa ambao, baada ya miaka kadhaa kazini, huwaza kuisoma, na wenzao huwauliza kwa mshangao kama wamechoka na sindano. Makala inawahusu pia wagonjwa na jamaa zao, kwa kuwa mgogoro ukiingia wodini, wao ndio waliolala kitandani.

Mtumishi wa afya wa kanda hii hahitaji kwenda mbali kuitafuta sababu ya kusoma. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takribani siku moja. Hakuna zahanati duniani iliyojengwa kwa hesabu hiyo. Walioshika ndoo za maji, drip na daftari la kuhesabia watoto hawakuwa wamefundishwa siasa za Maziwa Makuu, lakini walizitibu.

Mtoto wa daktari

Taaluma ya amani, kama fani ya chuo kikuu, ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Mmoja wa waasisi wake, Johan Galtung wa Norway, alizaliwa Oslo mwaka 1930. Baba yake alikuwa daktari na mama yake muuguzi. Mwaka 1959 alianzisha Oslo taasisi ya utafiti wa amani, na mwaka 1964 jarida la kitaaluma la fani hiyo. Malezi yake hayakumtoka. Alipofundisha namna ya kuukabili mgogoro alitumia maneno matatu ya nyumbani kwao: utambuzi wa ugonjwa, ubashiri wa mwenendo wake, na tiba. Daktari asiyetambua ugonjwa, alifundisha, hana ruhusa ya kuandika dawa. Na msuluhishi anayefika na suluhu mfukoni kabla ya kuwasikiliza wagomvi ni wa aina hiyohiyo.

Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1969, Galtung alichukua mfano ambao kila mtumishi wa afya wa Mwanza anaujua: kifua kikuu. Mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo katika karne ya 18, alieleza, hatuwezi kusema alitendewa ukatili, maana dawa haikuwapo. Lakini mtu anayekufa kwa ugonjwa huohuo leo, ilhali dawa ipo duniani, amekufa kwa ukatili, hata kama hakuna aliyemnyooshea bunduki. Ukatili huo aliuita wa kimfumo: umo katika mpangilio wa barabara, bajeti, umbali na hadhi za watu. Kutokana na hapo ikaja tofauti ambayo mwanafunzi wa uzamili huisikia wiki ya kwanza, kati ya amani hasi, yaani kunyamaza kwa bunduki tu, na amani chanya, yaani kuondoka kwa dhuluma iliyozifanya bunduki zitamaniwe.

Mama mjamzito wa kisiwani anayevuja damu huku mtumbwi ukisubiri upepo utulie hayupo vitani. Kwa kipimo cha Galtung, hayupo katika amani pia. Nakiri kwamba kipimo hiki kina hatari yake: neno ukatili likipanuliwa kupita kiasi, kila upungufu wa serikali utaitwa vita, na neno litaisha nguvu. Wanafunzi hubishana juu ya hilo miaka nenda rudi, na ubishi huo ni wa haki. Hata hivyo sioni fani nyingine ya sayansi ya jamii iliyofungua mlango wake kwa ugonjwa wa mapafu, na mtumishi wa afya anayeingia humo asijione mgeni.

Tiba iliyoshindwa

Hospitali zinazojiheshimu hufanya vikao vya kuchambua vifo, ambapo daktari husimama mbele ya wenzake na kueleza mgonjwa alikufaje. Taaluma ya usuluhishi hufanya vivyo hivyo kwa mazungumzo yaliyovunjika. Mwanza 1996 ni jalada zuri la kuanzia.

Nyerere hakujiteua. Machi 1996, katika mkutano wa Tunis ulioongozwa na Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, viongozi wa eneo hili walikubaliana kwamba yeye ndiye aendeshe usuluhishi wa Burundi. Alikuwa amestaafu urais zaidi ya miaka kumi, hana jeshi wala hazina. Mtaji wake ulikuwa heshima. Akawaita Mwanza, umbali mfupi kutoka kwao Butiama.

Mchambuzi huanza kwa kuuliza nani hakuwamo chumbani. Waliokaa mezani walikuwa wanasiasa. Kundi la CNDD la Leonard Nyangoma, lenye wapiganaji msituni, halikualikwa. Jeshi la Burundi, ambalo ndilo lililokuwa na uwezo wa kuvunja au kulinda mapatano yoyote, halikuwa upande wa mazungumzo. Ni sawa na kumhoji jirani wa mgonjwa historia ya ugonjwa, mgonjwa mwenyewe akiwa chumba cha pili.

Linafuata suala la imani kwa msuluhishi. Tanzania ilikuwa imehifadhi wakimbizi wengi wa Kihutu kwa miongo miwili na zaidi, na wenye msimamo mkali katika UPRONA walimwona Mwalimu kuwa ameegemea upande. Kama aliegemea au hakuegemea ni swali moja. Kwamba walimwona hivyo ni jambo jingine, na katika usuluhishi hilo la pili huua kwa haraka zaidi. Muuguzi anayejulikana kijijini kuwa shemeji wa mlalamikiwa atalielewa hili bila kusoma kitabu.

Kisha kuna kasi ya dozi. Juni 25, 1996, viongozi wa kanda walikutana Arusha, na Rais Sylvestre Ntibantunganya pamoja na Waziri Mkuu wake Antoine Nduwayo wakaomba msaada wa usalama kutoka nchi jirani. Nyumbani, jeshi na wanasiasa waliokuwa upande wake wakalitafsiri ombi hilo kuwa usaliti. Mwezi haukuisha sawasawa: Julai 20 watu zaidi ya 300 waliuawa katika kambi ya Bugendana, Rais akapigwa mawe alipokwenda kuzika, na Julai 25 jeshi likampindua na kumrejesha Meja Pierre Buyoya madarakani.

Majirani walijibu kwa vikwazo vya kiuchumi, vilivyotangazwa Arusha Julai 31. Hapa msomaji wa jarida hili asimame kidogo. Vikwazo ni dawa yenye madhara, na madhara hayo hayamfikii kwanza aliyekusudiwa. Mafuta yakiadimika, jokofu la chanjo huzimika kabla ya gari la kanali. Misamaha ya kibinadamu ilitolewa hatua kwa hatua, na ilikuwa Aprili 1997, miezi tisa baadaye, viongozi wa kanda walipolegeza vikwazo kwa upana zaidi, zikiwamo dawa, vyakula na vifaa vya shule. Vilisimamishwa Januari 1999. Kwa maoni yangu, hapa ndipo palipohitaji watu wenye elimu mbili kwa pamoja, wanaojua vikwazo hutungwaje na mnyororo wa baridi wa chanjo huvunjikaje. Wangeweza kudai tangu juma la kwanza orodha ya vitu visivyoguswa. Watu wa aina hiyo ni adimu hata leo.

Mazungumzo yalipoanza upya Arusha, Juni 1998, yalikuwa yamejifunza. Pande zilizokaa mezani ziliongezeka hata kufikia 19, na kazi ikagawanywa kwa kamati tano: asili ya mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya na maendeleo, na dhamana za utekelezaji. Anayezitazama kamati hizo kwa jicho la kliniki ataona kwamba ya kwanza ni kamati ya utambuzi wa ugonjwa, na ya mwisho ni ya kumfuatilia mgonjwa baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mwalimu hakuyaona matunda. Alifariki London Oktoba 14, 1999, kwa saratani ya damu. Nelson Mandela akapokea kijiti, na Agosti 28, 2000, mkataba ukatiwa saini Arusha, ukiwa bado hauna usitishaji wa mapigano, kwa kuwa makundi makuu yenye silaha yalikuwa tena nje. CNDD-FDD ilitia saini Dar es Salaam Novemba 2003, na FNL hapohapo Septemba 2006.

Hesabu basi: kutoka vikao vya Mwanza hadi saini hiyo ya mwisho ni miaka kumi na miezi. Mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kuwa mgonjwa wa kifua kikuu akiacha dawa mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimekoma, ugonjwa hurudi ukiwa sugu. Mwaka 2015 Burundi iliingia tena katika mtafaruku, na maelfu ya wakimbizi wakafika Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu kiliwasubiri.

Chanjo haisimamishi vita

Wanaopenda kuunganisha afya na amani huwa na hadithi zao za fahari, na ni za kweli. Mwaka 1985, huko El Salvador, jeshi na waasi waliacha kupigana kwa siku tatu zilizopangwa, ili watoto wachanjwe, baada ya UNICEF na Kanisa Katoliki kusuluhisha. Zoezi hilo likarudiwa mwaka hadi mwaka. Mwaka 1995 Jimmy Carter alipata Sudan usitishaji wa mapigano uliokaribia miezi sita, kwa ajili ya kupambana na ugonjwa wa mnyoo wa Guinea, na wahudumu wakafika vijiji ambavyo havikuwa vimefikika. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kutambua tangu 1981, kwa azimio la mkutano wake mkuu, kwamba madaktari na wahudumu wengine wa afya wana nafasi katika kulinda amani.

Hadithi hizo husimuliwa mno na nusu yake ya pili huachwa. El Salvador iliendelea kupigana hadi Januari 1992. Sudan iliendelea kwa karibu miaka kumi. Chanjo iliokoa watoto, na hilo linatosha kuwa sababu ya kuifanya, lakini haikuumaliza mgogoro. Mwalimu wa taaluma hii anayemwahidi muuguzi kuwa sindano italeta amani anamdanganya.

Yapo pia yaliyo mabaya zaidi. Katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Dawa na chanjo zilikuwapo kuliko katika mlipuko wowote uliotangulia. Kilichokosekana ni imani. Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha upigaji kura katika Beni na Butembo, ngome za upinzani, na Ebola ikatajwa miongoni mwa sababu. Wananchi walioona ugonjwa ukitumika kuwanyima kura hawakukosa hoja walipoushuku. Wahudumu wakaja wakisindikizwa na watu wenye silaha, na shaka ikazidi. Februari 2019 vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili 19, 2019, Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini Butembo akiwa kazini.

Sheria zilizomlinda zipo. Mikataba ya Geneva ya 1949 na itifaki zake za 1977 zinamkinga mhudumu wa afya na mgonjwa wake, na Mei 2016 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2286 kukumbusha jambo hilohilo. Mwanafunzi wa uzamili huzisoma sheria hizo kwa undani, na anapaswa. Ila Butembo inafundisha kwamba kinga ya kwanza ya mhudumu ni kuonekana na watu wote kuwa si wa upande wowote, na kinga hiyo haiandikwi Geneva. Kwa hiyo anayetaka kuwa tabibu na msuluhishi kwa wakati mmoja apime. Tabibu akishaonekana anapeleka ujumbe wa upande mmoja, wagonjwa wa upande wa pili watabaki nyumbani na homa zao.

Kabla ya kuomba nafasi

Mahali pa kusomea si pachache. Umoja wa Mataifa ulianzisha Chuo Kikuu cha Amani, Costa Rica, mwaka 1980. Bradford, Uingereza, ilifungua idara ya masomo ya amani mwaka 1973 chini ya Adam Curle, mtu aliyekuwa amesuluhisha katika vita vya Biafra kabla ya kupewa uprofesa. Karibu zaidi, Dar es Salaam kuna Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji. Upande wa pili wa ziwa letu, Makerere inafundisha fani hii, na tangu 2021 ina kituo cha amani cha Rotari kwa watu walio kazini, kozi ya cheti ambayo haimlazimu mtu kuacha ajira kwa muda mrefu. Taratibu na ada hubadilika, hivyo mwombaji aulize chuoni kwenyewe.

Swali ambalo ningependa mwombaji ajiulize kabla ya hilo la ada ni hili: nitakwenda na tatizo gani? Anayekwenda bila tatizo hurudi na msamiati. Anayekwenda na ugomvi wa mwalo anaoujua, au mzozo wa ardhi uliojaza wodi ya majeruhi, hurudi na kitu mkononi. Na ajiandae kwa usumbufu wa lugha. Vitabu ni vya Kiingereza na Kifaransa, ilhali kazi yenyewe itafanyika kwa Kiswahili, Kisukuma, Kikerewe au Kikurya. Kiswahili chetu hutenga usuluhishi, ambao ni kukaa katikati ya wagomvi, na upatanisho, ambao ni wagomvi kurudi kula pamoja. Anayeyachanganya maneno hayo mawili atadhani kazi imekwisha siku ya saini.

Swali la nani

Yote hayo yanaweza kuonekana ya marais na mabalozi. Lakini mgogoro unaoua Kanda ya Ziwa mara nyingi hauna bendera. Kwa miongo kadhaa, katika Usukuma na maeneo ya jirani, wazee, na hasa akina mama wajane, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Dalili iliyotajwa sana ni macho mekundu. Kila mtumishi wa afya anajua macho hayo hutoka wapi: miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, pengine trakoma juu yake. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Simeon Mesaki, aliyachunguza mauaji haya kwa muda mrefu. Mchumi Edward Miguel, katika utafiti uliochapishwa 2005 kuhusu Meatu, aliona kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya waliotuhumiwa uchawi yalikuwa takribani maradufu ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee wa kaya maskini. Njaa ilitafuta mdomo wa kupunguza, na tuhuma ikampa jina.

Baina ya msiba na panga hupita njia fulani, na mara nyingi njia hiyo huanzia kituo cha afya. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtoto wa miaka minne analetwa zahanati usiku akiwa na degedege, kipimo cha haraka kinaonyesha malaria, anafariki kabla ya gari la rufaa kufika. Nje wamesimama mama yake, baba yake mdogo na majirani wawili. Muuguzi aliyechoka hutoka na kusema sentensi ambayo wengi wetu tumewahi kuisema: "Mmechelewa kumleta."

Ni kweli kitabibu. Katika darasa la utatuzi wa migogoro sentensi hiyo ingekaa ubaoni saa nzima. Inamtaja mkosaji, na mkosaji wa karibu ni mama. Usiku huohuo mama anaweza kupigwa. Au, ili asipigwe, ukoo utamtafuta mkosaji mwingine, na mwingine huyo ana macho mekundu na anaishi nyumba ya tatu. Muuguzi hakukusudia. Ameandika dawa bila kupima.

Sasa turudie tukio. Muuguzi anawakaribisha wakae, anatoa pole, anakaa nao.

"Nesi," anauliza baba mdogo, "ni nani aliyetufanyia hivi?"

"Baba, pole sana. Poleni nyote. Ninachoweza kuwaeleza kwa hakika ni kitu kilichomuua, maana nilikipima. Hiki hapa."

Anawaonyesha kipimo chenye mistari miwili. Anaeleza malaria hupandaje kichwani, na degedege hutokana na nini. Baba mdogo anasikiliza, kisha anauliza swali ambalo ni la akili kuliko watumishi wengi wanavyolichukulia:

"Mbu wako kila nyumba. Mbona wa kwetu?"

Jibu la haraka halipo, na muuguzi hatakiwi kulibuni. Anaweza kusema kwamba watoto wa umri huo bado hawajajenga kinga, kwamba mwaka huu amewaona wengine watatu kutoka kata hiyohiyo, nyumba zisizo na undugu. Kwamba mama alifanya kile ambacho mama hufanya. Hilo la mwisho aliseme kwa sauti ya kusikika. Kisha aulize, kwa upole na bila kuandika: nyumbani kuna mtu yeyote anayesemwa? Kuna aliyekwenda kupiga ramli?

Hapo ndipo tofauti ya msikilizaji aliyefundishwa inapoonekana. Baba mdogo amekuja na msimamo, kwamba kuna aliyeua. Chini yake kuna haja: kujua kwamba watoto waliobaki watapona, na kwamba ukoo hautaonekana dhaifu mbele ya majirani. Haja ya kwanza zahanati inaweza kuijibu asubuhi yake, kwa kuwapima watoto wote wa boma na kuwapa vyandarua. Haja ya pili inawahitaji mwenyekiti wa kitongoji na wazee. Na jina likishatajwa, suala halibaki la zahanati: mtendaji wa kijiji, ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wanapaswa kujua leo, kabla ya jua kuzama, bila siri za mgonjwa mwingine kutolewa. Kuna watumishi watakaosema hii si kazi yao. Huenda. Ila mwili wa bibi huyo, ukikatwa, utaletwa kwao.

Na mgonjwa au jamaa anayesoma haya ana haki ya kuudai utaratibu huo. Omba kuonyeshwa kipimo. Uliza kitu kilichoua ni nini, na ukiambiwa mmechelewa, uliza ni kwa saa ngapi na njia ya kufika mapema zaidi ilikuwa ipi. Mganga wa ramli chonganishi hatoi majibu ya maswali ya namna hiyo. Hutoa jina, na hulipwa kwa jina.

Asubuhi, katika mfano wetu, muuguzi anafika bomani na vyandarua na kisanduku cha vipimo. Watoto watano wanapimwa, wawili wana vimelea na wanaanza dozi wakiwa wima. Kisha anatembea hadi nyumba ya tatu, mbele za watu, anaamkia shikamoo, anaketi kwenye kigoda jikoni na kukohoa kwa moshi pamoja na mwenyeji. Anamwangalia bibi macho kwa tochi. Anamwandikia rufaa ya kliniki ya macho, na mwenyekiti wa kitongoji, aliyeambatana naye, ndiye anayeombwa kumpeleka.